Kodi, Ushuru, Tozo na Ada: Istilahi za Mapato ya Barabara Wakati Vyombo vya Usafiri Vinapoacha Mafuta

1. Utangulizi

Barabara Kuu iendayo Zambia kutoka Dar es Salaam huikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Malori, mabasi, magari madogo na pikipiki hupita hapo usiku na mchana, na kila chombo kinachochoma petroli au dizeli huwa kimekwisha kuichangia barabara hiyo kabla hakijaikanyaga, kwa sababu malipo yake yamo ndani ya bei ya mafuta. Kaskazini ya Mikumi, katika wilaya hiyo hiyo, upo mji wa Kilosa, kando ya Mto Mkondoa. Hapo pana kituo cha reli ya kisasa, ambayo treni zake hukokotwa kwa umeme. Huduma ya abiria kwenye reli hiyo ilianza Juni 2024 baina ya Dar es Salaam na Morogoro, ikafika Dodoma Julai mwaka huo huo, na kuzinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024.

Hivyo basi, wilaya moja inatuonyesha mambo mawili kwa pamoja: njia ya mafuta na njia ya umeme. Aidha, inatuonyesha swali ambalo nchi nyingi zimeanza kulikabili. Ikiwa fedha za kutengeneza barabara hutokana na lita za mafuta, barabara zitatengenezwa kwa fedha gani siku ambayo lita hizo zitapungua?

Swali hili ni la wachumi, lakini ni letu pia. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za nchi. Muswada utakaoweka malipo mapya utaandikwa kwa Kiswahili, utajadiliwa kwa Kiswahili, na mtendaji wa kijiji atausoma mbele ya mkutano wa kijiji kwa Kiswahili. Iwapo maneno yake hayatatofautishwa mapema, wananchi watabishana juu ya jina huku jambo lenyewe likiwa halijaeleweka. Makala hii inakusudia kueleza jambo lenyewe kwanza, kisha kupendekeza istilahi zinazolifaa.

2. Mapato haya hutoka wapi

Msingi wa malipo haya nchini Tanzania ni Sheria ya Ushuru wa Barabara na Mafuta ya mwaka 1985. Marekebisho ya mwaka 1998 yaliunda Mfuko wa Barabara, na sheria hiyo inaelekeza kwamba angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko zitumike kwa matengenezo, siyo kwa ujenzi mpya. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Tukio moja linastahili kukumbukwa na kila mfasiri wa maneno ya kodi. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali iliifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na badala yake ikaongeza ushuru wa bidhaa kwa shilingi 40 katika kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: gari lililolala uani halikudaiwa tena, na lililotembea lililipa kadiri lilivyotembea. Lakini hatua hiyo ilizidi kuufunga wajibu wa mwenye gari kwenye tangi la mafuta. Gari lisilo na tangi halina mahali pa kushikwa.

Malipo ya mafuta yana sifa mbili zilizoyafanya yapendwe na watoza kodi. Kwanza, hukusanywa mahali pachache, mafuta yanapoingia nchini na kutolewa katika maghala makubwa, wala si kwenye kila pampu ya Mikumi au Ruaha. Pili, mlipaji hayaoni. Dereva wa bodaboda hulipa kila siku bila kujaza fomu yoyote. Malipo yatakayochukua nafasi hiyo yataonekana, na kinachoonekana hulalamikiwa. Hii ndiyo sababu jina lake lina uzito.

3. Maneno manne yanayochanganywa

Katika maandishi ya ofisi na ya magazeti maneno kodi, ushuru, tozo na ada hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Hayako hivyo.

Kodi ni neno pana kuliko mengine. Hutaja malipo ya lazima yanayoingia katika mfuko mkuu wa Serikali bila mlipaji kuahidiwa huduma maalumu: kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani. Lakini neno hili lina maana ya pili, ya malipo ya kupanga nyumba au kukodi chombo. Kwa hiyo "kodi ya gari" yaweza kufahamika kuwa malipo ya kulikodi gari hilo, na mfasiri mwangalifu ataiepuka.

Ushuru lilitoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Katika Kiswahili cha leo hutumika kwa malipo yanayofungamana na bidhaa inayoingia, kutoka au kuuzwa: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, ushuru wa soko. Sheria ya mwaka 1985 ililitumia kwa barabara pia, jambo ambalo halishangazi, kwa kuwa kilichotozwa hasa kilikuwa bidhaa, yaani mafuta.

Tozo linatokana na kitenzi toza, ambacho ni toa katika kauli ya kusababisha: kumfanya mtu atoe. Katika maandishi ya fedha limechaguliwa kwa malipo ya lazima yaliyotengewa kazi maalumu, kama vile tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara. Hata hivyo, mwaka 2021 neno hili lilipatwa na mkasa. Tozo iliyowekwa kwenye miamala ya simu ilizua malalamiko makubwa, ikapunguzwa na baadaye kuondolewa. Tangu hapo wananchi wengi wakisikia "tozo" hudhani ni jambo la kupokonywa. Waandishi wengine wameanza kulikwepa na kusema "mchango". Ushauri huo haufai. Mchango ni hiari; kuliita la lazima kwa jina la hiari ni kumpotosha msomaji, naye hatasahau alivyopotoshwa.

Ada pia ni ya asili ya Kiarabu, kutoka neno la desturi. Hutumika kwa kiasi maalumu kinacholipwa ili kupata huduma, kibali au haki fulani: ada ya leseni, ada ya shule, ada ya kuingia hifadhini. Anayelipa ada hujua anachokipata.

Tofauti hizi si za mapambo. Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza kutoza kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge au utaratibu uliowekewa nguvu na sheria hiyo. Mtu akiulizwa kama malipo fulani ni kodi, ni ada au ni tozo, anaulizwa pia ni nani mwenye mamlaka ya kuyaweka na fedha zake ziende wapi. Haifai mfasiri aliamue swali hilo kwa bahati, kwa kuchukua neno lililo karibu na kalamu.

Inafaa pia kukumbuka kwamba viwango vya kodi huzaa maneno. Zamani mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kuliko dizeli, na baadhi ya wafanyabiashara wakawa wanayachanganya. Neno "kuchakachua" likaenea nchi nzima kutoka katika biashara hiyo, likafika hata kwenye mazungumzo ya uchaguzi. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Ushuru ulibadilika, neno limebaki.

4. Pengo la aina mbili

Sasa turudi Kilosa na Mikumi. Mapato ya mafuta hupungua kwa njia mbili zisizofanana, na lugha yetu yafaa izitenge.

Njia ya kwanza ni ile ya Kilosa. Abiria anayeacha basi na kupanda treni ya umeme hachomi tena dizeli, lakini vilevile haichakazi tena barabara. Mfuko umepoteza malipo yake pamoja na mzigo wake. Tuliite pengo hili pengo la mhamaji.

Njia ya pili itaonekana zaidi Mikumi. Mwenye pikipiki au bajaji ya umeme, na kesho mwenye basi la umeme, anaendelea kuikanyaga lami ile ile lakini halipi. Mfuko umepoteza malipo, mzigo umebaki. Hili tuliite pengo la mtumiaji asiyelipa. Ndilo gumu zaidi, kwa kuwa mzigo wa huyo humwangukia aliyebaki na mafuta, ambaye mara nyingi ni yule asiyeweza kununua chombo kipya.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba pengo la mhamaji halina madhara. Barabara haichakazwi na magurudumu peke yake. Mvua hubomoa madaraja na makalavati hata pasipopita gari. Watu wa Kilosa wanalijua hilo vyema: mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba nyumba na kuiharibu reli ya zamani baina ya Kilosa na Gulwe. Barabara ya kijiji inayomwezesha mkulima kufikisha mahindi gulioni ina gharama zisizobadilika. Abiria wa barabara kuu wakihamia relini, gharama hizo hazihami nao.

5. Kipimo cha kutozea

Kila malipo ya aina hii lazima yawe na kipimo: lita, kilo, uniti, mwaka au kilomita. Kulitaja jina la malipo bila kipimo chake ni kusema nusu ya jambo.

(a) Kilo. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 lilitolewa pendekezo la kutoza shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi asilia inayotumika katika magari. Hoja ilikuwa kwamba magari hayo hutumia barabara kama mengine. Pendekezo hilo lilionyesha wazi kwamba kuhama kwa magari kutoka kwenye lita kumekwisha kuanza kuhesabiwa.

(b) Uniti ya umeme. Kwa mtazamo wa kwanza, njia hii ni rahisi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na kwa hiyo mtambo wa kukusanya upo. Tatizo ni kwamba mita ya LUKU haitambui kama uniti imewasha taa, imepika ugali au imechaji pikipiki. Tozo ya barabara ikiwekwa kwenye uniti zote, bibi mwenye balbu mbili kule Ulaya wilayani Kilosa atamlipia barabara mwenye gari. Ili kuepuka hilo, vituo vya kuchajia na nyumba zenye vyombo vya umeme vingehitaji mita zao maalumu.

(c) Mwaka. Hii ni kuirudisha ada iliyofutwa mwaka 2017, safari hii kwa magari ya umeme. Ni nyepesi kukusanya, lakini humtoza sawasawa anayetembea kilomita 2,000 kwa mwaka na anayetembea 60,000.

(d) Kilomita. Hapa mtumiaji hulipa kulingana na umbali aliokwenda, na ikibidi kulingana na uzito wa chombo chake. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme tozo ni shilingi 400 kwa lita, lori linachoma lita 40 kwa kilomita 100, na bodaboda lita mbili na nusu. Katika kilomita 50 za Hifadhi ya Mikumi, lori litachoma lita 20 na kulipa shilingi 8,000. Bodaboda itachoma lita moja na robo na kulipa shilingi 500. Tukigeuza kuwa umbali, lori limelipa shilingi 160 kwa kilomita, na bodaboda shilingi 10. Serikali ikitoza kilomita kwa viwango hivyo hivyo, wenye mafuta na wenye umeme watakuwa sawa.

Lakini kipimo cha kilomita kinafichua jambo ambalo lita zililificha. Majaribio yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uchakavu wa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli yenye uzito mara mbili haichakazi mara mbili, bali takriban mara kumi na sita. Lori linachoma mafuta mengi kuliko gari dogo, lakini si mengi kwa kiwango hicho. Kwa hiyo tozo ya lita siku zote ilimpendelea mwenye mzigo mzito. Mizani iliyopo Mikumi hupima uzito ili kuwazuia wanaozidisha; uzito huo huo ungeweza kuwa sehemu ya kipimo cha kutozea.

Nchi nyingine zimekwisha kupita njia hii. Jimbo la Oregon, lililokuwa la kwanza Marekani kutoza petroli mwaka 1919, lilianzisha mwaka 2015 mpango wa hiari wa kulipa kwa maili. New Zealand, ambako magari ya dizeli yalikuwa yakilipa kwa umbali tangu miaka ya 1970, iliyaingiza magari ya umeme katika utaratibu huo tarehe 1 Aprili 2024. Iceland ilianza kuyatoza magari ya umeme kwa kilomita tarehe 1 Januari 2024. Uingereza ilitangaza Novemba 2025 kwamba itafanya hivyo kuanzia Aprili 2028. Jirani zetu wa Kenya, kwa upande wao, Julai 2024 waliipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 za Kenya kwa lita. Hatua kama hiyo huongeza mapato ya leo, lakini pia humpa mwenye gari sababu nyingine ya kuacha mafuta.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Baadhi ya maneno yafuatayo yamo tayari katika matumizi. Hapa tunayawekea mipaka.

Mapato mbadala: mapato yanayochukua nafasi ya mengine yaliyopungua. Isisemwe "fidia ya mapato". Fidia hulipwa aliyedhurika, kama mkulima ambaye shamba lake limetwaliwa kupisha reli.

Wigo wa kodi: jumla ya watu, mali au shughuli zinazotozwa. Wigo kwa asili ni uzio, na picha hiyo inasaidia: pikipiki ya umeme haikuhama kijijini, ila uzio haukuifikia.

Kipimo cha kutozea: kizio ambacho malipo huhesabiwa kwacho, kama lita, kilo, uniti au kilomita.

Tozo ya umbali: tozo inayohesabiwa kwa kilomita ambazo chombo kimekwenda. Isichanganywe na malipo ya njia, yaani fedha zinazolipwa ili kupita mahali maalumu, kama ilivyokuwa katika Daraja la Nyerere, Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016.

Tozo ya umbali na uzito: tozo ya umbali ambayo kiwango chake hutofautiana kwa uzito wa ekseli.

Mafuta ya vyombo vya moto: petroli na dizeli kwa pamoja. "Mafuta" peke yake hayatoshi, kwa kuwa mama lishe atadhani ni mafuta ya kupikia. Hali kadhalika "mafuta ya petroli", ambayo katika maandishi ya Serikali hujumuisha na dizeli, huwachanganya wasomaji wanaoijua petroli kama aina moja tu.

Gesi asilia iliyoshindiliwa: gesi ya magari. Isiitwe "gesi" tu, kwa kuwa nyumbani neno hilo ni la mtungi wa kupikia.

Nishati safi na nishati jadidifu: ya kwanza ni nishati isiyotoa moshi mwingi inapotumika, ya pili ni ile isiyokwisha, kama maji, jua na upepo. Gesi asilia yaweza kuhesabiwa katika ya kwanza lakini haimo katika ya pili. Aidha, kampeni za miaka ya karibuni zimelifunga neno "nishati safi" kwenye mapishi; anayelitumia kwa usafiri aseme wazi "nishati safi ya usafiri".

Kuchaji na kutoza: Kiingereza hutumia neno moja kwa kutia umeme katika betri na kwa kudai malipo. Mfasiri akighafilika, kituo cha kuchajia kitageuka kuwa kituo cha kutozea, na hapo wananchi watakikimbia kabla hakijajengwa.

7. Hitimisho

Lugha yetu tayari ina kielelezo kizuri cha jambo hili. Jina LUKU ni kifupi cha maneno "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo". Neno "kadiri" ndilo lililobeba maana yote, na hakuna mtu aliyehitaji semina ili alielewe. Tozo ya umbali haisemi jambo jingine: lipia barabara kadiri uitumiavyo. Mtumishi wa umma atakayeieleza hivyo ataeleweka Kilosa, ataeleweka Mikumi, na ataeleweka pia mahali ambapo lami haijafika.

Hata hivyo, maneno mazuri hayamwondolei mwananchi haki ya kuuliza. Kila tangazo la malipo ya aina hii, liwe la tozo, ada au kodi, halina budi kujibu maswali manne: anayelipa ni nani, analipa kwa kipimo gani, fedha zinakwenda katika mfuko upi, na sheria gani imeruhusu. Walimu wanaweza kuyatumia maswali hayo darasani kupima kama istilahi imeshikwa. Wafasiri wanaweza kuyatumia kupima rasimu zao. Rasimu ambayo haiwezi kuyajibu kwa Kiswahili chepesi haijawa tayari kusomwa kijijini, hata kama kila neno lake limo katika kamusi.